Siku kumi ng'ambo ya bahari: mwongozo kwa viongozi wa kanisa wanaokwenda kupeleleza misheni

Safari yetu ya kwanza kwenda Bukini, kama wazee wa pwani walivyoiita Madagaska, ilituachia deni la mabati. Tulikuwa wanane. Siku ya nne tulifikishwa kwenye kanisa la kijijini ambalo nusu ya paa lake ilikuwa imeng'olewa na kimbunga. Kwaya ikaimba, mioyo ikalainika, na mmoja wetu akasimama akaahidi mabati ya jengo zima. Mkalimani akatafsiri, akina mama wakapiga vigelegele. Tuliporudi nyumbani halmashauri ya usharika ikauliza swali moja tu: nani aliwatuma kuahidi? Tukatazamana. Mabati yalikwenda baada ya miezi kumi na minne, nusu ya yale yaliyoahidiwa, yakitanguliwa na barua tatu za kuomba radhi.

Tangu hapo nimeratibu safari mbili nyingine, kwa watu wachache zaidi na wenye midomo mizito zaidi. Mwongozo huu ni wa wachungaji, wazee wa kanisa na watu wa idara ya misheni wanaotaka kwenda nje ya nchi kwa siku chache, si kwa mkutano wa injili wala ujenzi, bali kutazama kama ipo kazi ambayo usharika wao unapaswa kuishika. Mifano ni ya Madagaska kwa sababu ndiko ninakokujua.

Hatua ya 1: Andikeni swali kabla ya kuulizia tiketi

Someni Hesabu 13 pamoja, polepole. Musa hakuwaambia wale kumi na wawili waende wakaone Bwana atasema nini. Aliwapa maswali ya kujibika: watu wa nchi ile ni wengi au wachache, ni hodari au dhaifu, wanakaa katika kambi au katika ngome, ardhi ina rutuba au haina, ina miti au haina. Akawaagiza walete na matunda. Ndiyo maana waliporudi watu waliweza kubishana juu ya jambo, hata kama walibishana vibaya.

"Kuona fursa za huduma" si swali. Swali ni hili: je, tunaweza kumtuma mwinjilisti mmoja kwa miaka miwili akafanye kazi chini ya kanisa la huko, na je, wao wanamhitaji? Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo inayosahaulika. Lisomeni mbele ya halmashauri, lipigiwe kura, liandikwe kwenye muhtasari. Mkishindwa kukubaliana juu ya swali, ahirisheni safari. Nauli itasubiri.

Hatua ya 2: Tafuteni mwenyeji, msitafute ajenti

Madagaska si pori lisilolimwa. Wamishenari wa kwanza wa Kiprotestanti, David Jones na Thomas Bevan kutoka Wales, walifika pwani ya Toamasina mwaka 1818, na katika muda wa miezi michache homa ilikuwa imemuua Bevan, wake zao wawili na watoto wao. Jones alibaki peke yake, akapanda mpaka Antananarivo mwaka 1820. Biblia nzima ya Kimalagasi ilichapwa mwaka 1835, mwaka uleule ambao Malkia Ranavalona I aliipiga marufuku imani hiyo kwa raia wake. Wamishenari wakaondoka. Mwaka 1837 mwanamke aitwaye Rasalama akauawa kwa mkuki. Kwa robo karne, mpaka malkia alipofariki mwaka 1861, kanisa lile halikuwa na mchungaji wa kigeni hata mmoja. Milango ilipofunguliwa tena, wamishenari walikuta Wakristo wameongezeka.

Kwa hiyo anayepanda ndege akijiona anapeleka Injili mahali isipojulikana atakuwa amekwenda kuwafundisha samaki kuogelea. Yapo maeneo, hasa kusini na pwani, ambako dini ya mababu bado ndiyo yenye nguvu. Lakini hata huko wapo watu wa kanisa la nchi ile wanaofanya kazi, na mlango wa kupitia ni wao.

Barua itoke kwa askofu wenu iende kwa askofu wao. Sisi Walutheri tulipata urahisi kwa kuwa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na kanisa la Kilutheri la huko, linalojulikana kwa kifupi FLM, wote wamo katika Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Wenzetu wa mapokeo ya Kipresbiteri watafute FJKM, kanisa lililoundwa mwaka 1968 kwa kuunganisha matunda ya misheni ya London, ya Waquaker na ya Wafaransa. Barua iandikwe kwa Kifaransa, itaje swali lenu, majina na vyeo vya wanaokuja, na iseme wazi mambo mawili: kwamba hamuombi kupangiwa mahubiri, na kwamba chakula, malazi na mafuta ya gari ni juu yenu. Ulizeni tarehe gani zitawasumbua. Halafu subirini. "Karibuni sana" ya adabu huja baada ya siku mbili. Karibuni ya kweli huja na ratiba, na huchukua miezi.

Hapa nitie neno kidogo. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki aliwashtua Wazungu alipopendekeza kwamba wamishenari wa kigeni na fedha zao zisitishwe kwa muda, ili makanisa yetu yasimame kwa miguu yake. Wengi wetu tulipiga makofi. Leo sisi ndio wenye paspoti na bahasha. Yale aliyoyalalamikia yanaweza kufanywa na mtu mweusi kutoka Arusha vilevile.

Hatua ya 3: Chagueni watano

Watano, dereva na mkalimani wanaenea gari moja. Wanane wanahitaji mawili, na magari mawili ni misafara miwili yenye maoni mawili.

Aende mwenye kauli ya uamuzi, mchungaji kiongozi au mwenyekiti wa misheni. Aende mweka hazina, asibaki nyumbani kusubiri kuelezwa. Mweka hazina aliyeona kwa macho yake hukataa kwa sababu nzuri na hukubali kwa sababu nzuri. Aende mtu mmoja anayeipinga safari yenyewe. Kwetu alikuwa mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, ambaye kila kikao alisema misheni ianzie mtaa wa pili. Nilimwomba aje kwa sababu hiyohiyo, na maelezo yake ya kila jioni ndiyo tuliyoyategemea kuliko ya mtu mwingine.

Aende mwanamke mwenye huduma yake mwenyewe, si mke wa mtu aliyepewa nafasi kama zawadi. Uamsho mkubwa wa kusini-mashariki mwa Madagaska, ule wa Ankaramalaza ulioanza mwaka 1941, uliongozwa na mwanamke, Volahavana Germaine, ambaye wote wanamwita Nenilava, mpaka alipofariki mwaka 1998. Kuna mambo akina mama wa huko hawatayasema mbele ya wanaume watano wenye suti.

Wa tano awe mwenye Kifaransa. Msitafute mbali: katika sharika zetu wamo ndugu kutoka Burundi na Kongo ambao tumewazoea kwenye kwaya tu. Sisi tulimchukua binti aliyekulia Bujumbura, na katika siku kumi alijua mengi kutuzidi sote, kwa kuwa mkalimani alipokuwa akifupisha, yeye alisikia vilivyoachwa.

Hatua ya 4: Majira na fedha

Nendeni kati ya Mei na Oktoba. Kuanzia Novemba mvua huanza, na Januari mpaka Machi ndio wakati wa vimbunga. Barabara hukatika na wenyeji wenu watakuwa wanahangaikia watu wao, si wageni. Juni na Julai nyanda za juu zina baridi ya Makete, beba sweta. Saa zao ni sawa na zetu, ila huhesabu kwa mtindo wa Kizungu, kwa hiyo mkiambiwa saa mbili kwa Kifaransa ni saa nane ya mchana. Tulichelewa ibada moja kwa ajili hiyo.

Kwa ndege, njia ya kawaida ni kupitia Nairobi au Addis Ababa mpaka Ivato, uwanja wa Antananarivo. Wa Arusha na Moshi huona nafuu kupanda basi dogo la Namanga na kuondokea Nairobi, ila walale huko usiku mmoja. Foleni ya mpakani haina huruma na tiketi. Bebeni yuro mbadilishe kwa ariari palepale uwanjani. Shilingi yetu huko ni karatasi.

Kila msafiri achangie sehemu ya nauli yake mwenyewe, hata kama ni ndogo. Safari inayolipwa yote na sadaka hugeuka posho. Wekeni fungu la dharura la kutosha kumrudisha mgonjwa mmoja mapema, na fungu la zawadi kwa wenyeji lililopitishwa na halmashauri kwa kiasi kinachojulikana. Nje ya fungu hilo hakuna mtu mwenye ruhusa ya kutoa chochote kwa jina la usharika. Liandikwe, na kila mmoja aweke sahihi. Laiti tungekuwa nalo mara ya kwanza.

Hatua ya 5: Karatasi na afya

Paspoti iwe na zaidi ya miezi sita. Viza ya matembezi hupatikana Ivato mkifika au kwa kuomba mapema mtandaoni, lakini waulizeni wenyeji kama mwaliko wa kanisa unadai aina nyingine, na hakikisheni masharti ya wakati huo kabla ya kununua tiketi. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, msiiache; hata Namanga mtaulizwa. Malaria ipo, hasa pwani, kwa hiyo muoneni daktari kuhusu dawa za kinga. Nyanda za juu huwa na tauni katika miezi ya joto, ndiyo sababu nyingine ya kukimbilia Mei. Soketi zao ni za matundu mawili ya duara, na plagi yetu ya pini tatu nene haiingii.

Hatua ya 6: Jioni tatu za maandalizi

Kutaneni mara tatu kabla ya kuondoka, na asiyehudhuria mara mbili abaki.

Jioni ya kwanza ni ya historia niliyoigusia hapo juu. Jioni ya pili ni ya lugha, nayo ina raha yake. Mzizi wa Kimalagasi ulitoka Borneo kwa mitumbwi, lakini mifugo waliijulia kwetu: ng'ombe ni omby, kuku ni akoho, mbwa ni amboa, kondoo ni ondry, kanga ni akanga, punda ni ampondra. Mzee wetu mpinzani alipolisikia hilo alicheka mpaka akavua miwani, na huko vijijini alikuwa akivunja ukimya kwa kutaja wanyama tu. Jifunzeni pia manao ahoana (hujambo), misaotra (asante), azafady (samahani, tafadhali) na tompoko, neno la heshima ambalo mkilisahau hakuna atakayewasema lakini wote watajua.

Jioni ya tatu ni ya adabu. Jifunzeni kuhusu kabary, hotuba rasmi inayotangulia karibu kila jambo. Msemaji huanza kwa kuomba radhi kwamba kuna wakubwa wake na yeye hastahili kusimama, hupita kwenye methali, na ndipo hufika kwenye neno. Wageni hutarajiwa kujibu. Mgonjwa wa "itifaki imezingatiwa" atafeli hapa. Mteueni mmoja aandae jibu fupi lenye kuomba radhi, kushukuru na methali moja ya kwetu inayotafsirika. Jifunzeni pia kuhusu fady, miiko ambayo hutofautiana kijiji kwa kijiji: hapa usinyooshe kidole kaburini, pale usilete nyama ya nguruwe. Kila mfikapo mahali, mkalimani aulize kwanza. Na iwapo mtaalikwa kwenye famadihana, sherehe ya kuwafunga marehemu sanda mpya, makanisa ya huko hayana sauti moja juu yake. Jibu lenu liwe lile atakalowashauri mchungaji mwenyeji.

Hatua ya 7: Siku zenyewe

Siku ya kwanza laleni. Ya pili tembeeni Antananarivo kwenye makanisa ya mawe yaliyojengwa kuwakumbuka mashahidi: Ambohipotsy alipouawa Rasalama, Faravohitra walipochomwa wengine, Ampamarinana kwenye genge walikotupwa waamini mwaka 1849. Nendeni bila kamera kwanza. Tulikaa Ampamarinana karibu saa nzima bila mtu kusema.

Ya tatu na ya nne ni za barabara. Barabara kuu ya kusini hupita Antsirabe mpaka Fianarantsoa, kilomita zipatazo mia nne, na mkizitazama kwenye ramani mtasema ni asubuhi moja. Ni siku mbili za heshima. Mora mora, watawaambia, yaani polepole.

Kutoka Fianarantsoa nendeni Soatanana, kama wenyeji wamepanga. Katika eneo hilo ndipo mwaka 1894 Rainisoalambo, mganga wa kienyeji aliyekuwa mgonjwa na maskini, alipoota ndoto, akatupa hirizi zake na kuanzisha uamsho ambao haujazimika. Watu wake huvaa nyeupe tupu. Kutokana na uamsho huo na mingine iliyofuata yalizaliwa matoby: kambi ambamo wagonjwa, hasa wa akili, hupokelewa bure na kukaa na familia zao, wakitunzwa na mpiandry, maana yake wachungaji, ambao ni wakulima, walimu na akina mama waliofundishwa na kuwekewa mikono. Wanaomba na kukemea pepo, ndiyo, lakini pia wanapika, wanafua na kulala jirani na mgonjwa. Katika toby tuliyokaa, dawa za hospitali zilitolewa na watu wa idara ya afya ya FLM. Aliyekulia kwenye uamsho wetu, ule wa Tukutendereza uliotoka Gahini, Rwanda, atatambua harufu ya nyumbani, na atajiuliza kwa nini wetu haukujenga vitanda.

Kaeni mahali pamoja siku tatu kamili. Msikubali kupelekwa vijiji sita kwa siku mbili. Hapo mtaona kwaya sita. Siku tatu mahali pamoja huruhusu siku moja ya kutofanya lolote, na ndiyo siku watu husema kweli. Sisi siku hiyo tulimenya mihogo na mpiandry mmoja wa makamo. Tulimuuliza, kupitia kwa binti yetu, kama wangependa tuwaletee mwinjilisti. Alifikiri, akauliza kwetu wagonjwa wa akili hukaa wapi.

Hatua ya 8: Nusu saa kila jioni

Kila jioni, kabla ya chakula, kaeni nusu saa. Kila mtu ajibu matatu: leo nimeona nini, leo nimesikia nini kutoka kwa nani, na nini kimenisumbua. Mmoja aandike daftarini. Mpaka siku ya sita ni marufuku kusema "nafikiri tunapaswa". Ni amri ngumu kwa wachungaji. Sisi tulitoza ariari mia tano kwa kila kosa, na mfuko ulinunulia watoto wa mkalimani madaftari.

Siku ya nane msikae wenyewe, kaeni na wenyeji. Wasomeeni swali lenu na mliyoyaona, kisha waulizeni mmekosea wapi. Watakuwa wapole mno kusema moja kwa moja, kwa hiyo wapeni karatasi waandike, au mwacheni mkalimani abaki nao faragha.

Hatua ya 9: Mdomo, mfuko na kamera

Mkilazimishwa kuhubiri, ahubiri mmoja, dakika kumi, na mkumbuke tafsiri huzifanya ishirini. Msiahidi mabati, wala karo, wala "tutawaombea kwa namna ya pekee" kwa sauti ya mtu anayeahidi mabati. Jibu lililoandaliwa ni hili: tumetumwa kusikiliza, tutawapelekea wenzetu, nanyi mtapata barua.

Ndani ya toby msipige picha ya mgonjwa hata mmoja, hata ndugu zake wakikubali. Hawajui picha itaishia kwenye kundi la watu mia mbili.

Hatua ya 10: Mkirudi

Taarifa iandikwe ndani ya wiki mbili, kurasa tatu, nayo imalizike kwa jibu la swali lililopigiwa kura: ndiyo, hapana, au bado na kwa nini. Mpinzani aandike ukurasa wake mwenyewe bila kuhaririwa. Halmashauri iamue ndani ya miezi mitatu. Baada ya hapo matukio ya nyumbani, mavuno, ujenzi na uchaguzi wa wazee huifukia safari kabisa.

"Hapana" ni jibu halali, na si hasara ya nauli. Sisi swali letu la mwinjilisti tulilijibu hapana. Badala yake halmashauri iliandika barua ya kuwaomba wao watutumie mpiandry wawili kwa miezi mitatu, wakae nasi na kutufundisha kazi yao, kwa kuwa lile swali la kwenye mihogo hakuna aliyekuwa na jibu lake. Mzee wetu mpinzani ndiye aliyetoa hoja.

Barua kwa wenyeji itumwe wiki ileile ya uamuzi, iwe kwa Kifaransa, ipitie kwa askofu na nakala iende kwa mchungaji wa mahali mlipolala. Ieleze uamuzi kabla ya shukrani, maana shukrani zikitangulia watadhani ni ndiyo. Picha za makundi, zile zilizopigwa nje na kwa ruhusa, zichapwe na kutumwa kwa mkono wa msafiri anayekwenda. Ya mwisho tuliyotuma ilikuwa ya mzee wetu akiwa katikati ya watoto, ananyoosha kidole kwa kuku.